Vyuo Vikuu vya Mjini na Vyama vya Msingi Mlimani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tarakea, Rombo)



Nimeombwa nizungumze juu ya vyuo vikuu. Bila shaka wapo miongoni mwenu ambao, walipousoma mwaliko, walijiuliza chuo kikuu kinahusikaje na Tarakea. Shughuli zetu hapa ni kahawa, migomba, mahindi, maharage na viazi, pamoja na soko linalotukutanisha na jirani zetu wa Oloitokitok, ng'ambo ya mpaka. Chuo kikuu kipo Moshi, na ili mtu afike huko ni lazima apite Mkuu, Marangu na Himo, nauli ikiwa mfukoni. Anayekwenda chuoni ni kijana mmoja mmoja, na aghalabu akishahitimu haonekani tena ila wakati wa Krismasi. Hayo yote ni kweli, na kwa sababu hiyo hasa nimekubali kusema leo.

Kabla ya kufika chuoni, hata hivyo, hapana budi tuanzie ghalani kwetu.

Kila katibu aliyeketi hapa anaijua hesabu nitakayoitoa. Tuseme chama kina gharama za shilingi milioni 6 kwa msimu: posho ya katibu, mlinzi, ukarabati wa ghala, magunia, usafiri wa mikutano. Chama kikikusanya kilo 60,000 za kahawa, kila kilo inabeba shilingi 100 za gharama hizo. Chama hicho hicho kikikusanya kilo 15,000 tu, kila kilo inabeba shilingi 400, maana mlinzi halali robo ya usiku kwa sababu kahawa imepungua. Mwanachama anapoyaona makato yamekua, msimu unaofuata anamwuzia kahawa yake mtu wa pikipiki anayelipa taslimu getini. Kilo zinapungua tena, na makato yanapanda tena. Hivyo ndivyo chama kinavyokufa, Ndugu zangu. Hakifi kwa kuibiwa tu, kama tunavyopenda kudhani; kinakufa kwa hesabu ya kugawanya.

Na kilo zinapungua kwa sababu zinazojulikana. Mibuni mingi ya vihamba vyetu ni ya zamani sana. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Mzee akifariki, mrithi aliyepo Dar es Salaam au Arusha hana haja na mti unaodai kupogolewa, kupuliziwa dawa na kuchumwa kwa mkono, na ambao malipo yake huja kwa awamu. Anaung'oa na kupanda majani ya ng'ombe, na kwa hesabu ya mwaka mmoja hakosei. Upande wetu huu wa Rombo una shida ya ziada, kwa kuwa mvua ni haba kuliko ile inayonyesha mteremko wa kusini, na mito ya kuchimbia mifongo ni michache. Kilimanjaro, iliyowahi kuongoza nchi kwa kahawa ya arabika, leo imepitwa na mikoa ya nyanda za juu kusini, na Kagera nayo inatoa kahawa nyingi kuliko sisi.

Sasa niulize: ni nani mwenye elimu ya mambo haya yote, hesabu, magonjwa ya mibuni, sheria, soko, na maisha ya vijana? Elimu hiyo ipo, na mingi ipo katika mji mmoja chini ya mlima huu huu. Lakini imekaa katika majengo mbalimbali yasiyozungumza, na njia ya kutoka huko hadi kwenye ghala la chama cha msingi imeota majani.

Njia hiyo haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakulima wa mlima huu walianza kujiunga mwaka 1925 katika Chama cha Wapanda Kahawa Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake wa kwanza. Mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu, KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake. Mwaka uliofuata, 1934, kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungu. Kwa hiyo mkulima alikuwa na chama cha kuuzia, na si mbali naye alikuwapo mtaalamu wa kuutazama mti wake. Na nchi ilipokwisha kujitawala, Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwezi Januari 1963. Serikali ingeweza kukiweka Dar es Salaam, penye wizara. Lakini hapa ndipo ushirika ulipokuwa umekwisha kujengwa na watu wenyewe, na chuo kikaufuata.

Wazee mnakumbuka chuo kile kilivyofanya kazi. Hakikungoja katibu apate likizo aje Moshi. Kilipeleka masomo kwa posta, kilituma wakufunzi mikoani, na kilitumia redio. Zilikuwa zama za redio na vikundi vya kujifunza nchini kote. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Napenda mfano huo kwa sababu ya yale majembe. Somo lilikuwa halijaisha mpaka shimo lichimbwe.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, kazi zao zikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na KNCU ikasimama tena mwaka 1984. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Na chuo nacho kilibadilika: mwaka 2004 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kinachojitegemea.

Mimi nilifurahi kwa hatua hiyo, na bado nafurahi. Nchi inayosema ushirika ni nguzo yake haiwezi kuunyima shahada. Wakenya nao walifanya vivyo hivyo: chuo chao cha ushirika kilichoanza mwaka 1952 kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Lakini shahada ina mvuto wake. Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, wala hapandishwi kwa leja alizosaidia kunyoosha. Mwanafunzi wa shahada anaota kazi benki. Hakuna ubaya katika hilo, ila tusipokuwa waangalifu, chuo kilichoufuata ushirika mlimani kitajikuta kinafundisha watu namna ya kuukimbia.

Ndugu Mwenyekiti, niruhusu sasa niondoke kidogo Kilimanjaro, kwa sababu jambo hili la chuo na jirani zake limejaribiwa kwingine, na yapo ya kujifunza.

Mashariki mwa Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, upo mji mdogo uitwao Antigonish, na katika mji huo Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier. Katika miaka ya 1920 wavuvi na wachimba makaa wa jimbo hilo walikuwa katika hali ambayo mkulima wetu angeitambua mara moja. Mvuvi alikopa nyavu na unga kwa mfanyabiashara, akamlipa kwa samaki, na bei ya vyote viwili, unga na samaki, ilipangwa na mfanyabiashara huyo huyo. Vijana walikuwa wakihama kwa wingi. Mwaka 1928 chuo kikafungua idara ya elimu kwa jamii, na padri Moses Coady akapewa kuiongoza.

Angalieni utaratibu wao. Mtu wa chuo alifika kijijini akaitisha mkutano mkubwa, akasema mambo makali kidogo ili watu waamke. Baada ya hapo hakuendelea kuhutubu. Watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya majirani, wakakutana majumbani mwao, jikoni, nyakati za jioni wakati wa baridi. Chuo kiliwapelekea vijitabu vyepesi. Kila kikundi kilitakiwa kujibu swali moja: sisi wenyewe, hapa tulipo, tunaweza kufanya nini? Wengine wakajibu kwa kuanzisha chama cha akiba na mikopo. Wengine wakajenga kiwanda chao cha kufungasha kamba wakubwa wa baharini, wale wenye thamani sana huko, wakaacha kumwuzia mfanyabiashara kwa bei yake. Wachimba makaa wakajenga nyumba kwa ushirika. Chuo hakikumiliki hata kimoja cha vitu hivyo. Mwaka 1959, baada ya Coady kufariki, chuo kilianzisha taasisi yenye jina lake ya kufundisha watu wa nchi nyingine, na wanaushirika wa Tanzania ni miongoni mwa waliosoma huko.

Kule Mondragón, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, mambo yalikwenda kwa mpango mwingine: padri mmoja alianzisha shule ya ufundi mwaka 1943, wanafunzi wake wakaanzisha kiwanda cha ushirika mwaka 1956, na chuo kikuu kikaja mwishoni kabisa, mwaka 1997, kikiwa mali ya ushirika. Sitakaa sana hapo, maana sisi hatuna viwanda vya chuma. Nataka tu mjue kwamba chuo kinaweza pia kuzaliwa na vyama.

Mfano wa tatu ndio ulionifanya niandike maneno haya. Ni wa mji wa Cleveland, Marekani. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 900,000. Viwanda vikafungwa, watu wakahama, na katika sensa ya mwaka 2020 walibaki chini ya 400,000. Katikati ya mitaa iliyobaki maskini zimesimama taasisi tajiri: Chuo Kikuu cha Case Western Reserve na hospitali mbili kubwa, moja ikiwa ya sifa duniani kote. Taasisi hizo zilikuwa zikinunua bidhaa na huduma za mabilioni ya dola kila mwaka, na karibu fedha zote zilivuka juu ya vichwa vya jirani zao na kwenda mbali.

Mwaka 2008 taasisi hizo, pamoja na manispaa na mfuko wa hisani wa mji, zilikubaliana kusaidia kuanzishwa kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi katika mitaa hiyo, vilivyopewa jina la Evergreen. Cha kwanza, kilichofunguliwa mwaka 2009, kilikuwa cha kufua nguo za hospitali, yaani mashuka. Baadaye kikaja cha kulima mboga ndani ya nyumba za vioo. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mikataba ya hospitali kubwa haikuja upesi kama ilivyotarajiwa, na chama cha kufulia kilihangaika kutafuta kazi kwingine. Lakini mwaka 2018 hospitali ile kubwa ilikikabidhi chama hicho uendeshaji wa kiwanda chake chote cha kufulia.

Naona baadhi yenu mnatabasamu kusikia habari za mashuka. Mimi nawaomba mfikirie shuka hilo kwa makini. Taasisi zile hazikuwafundisha maskini wa mtaani ujasiriamali kwa semina ya siku mbili na chai. Zilitazama katika daftari lao wenyewe la manunuzi, zikauliza ni kitu gani kimoja ambacho jirani anaweza kutuuzia.

Turudi Moshi. Mji ule una watu zaidi ya 200,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Ndani yake na pembezoni mwake kipo Chuo Kikuu cha Ushirika. Kipo Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, ambacho kazi yake kubwa ni kuandaa walimu. Ipo hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, pamoja na chuo chake kikuu cha tiba. Kipo Chuo cha Mweka cha wanyamapori, kilichoanza mwaka 1963 sawa na Chuo cha Ushirika. Na Lyamungu ipo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyochukua kazi ya kituo kile cha mwaka 1934 na kusimama kwa sura yake mpya mwaka 2001.

Hesabuni midomo iliyopo katika majumba hayo. Wanafunzi, wagonjwa na jamaa zao, wauguzi, walimu, walinzi. Kila siku wanakula maharage, mahindi, viazi, ndizi, maziwa na mayai. Maharage hayo yanatoka wapi? Yapo yanayotoka hapa hapa Tarakea, lakini yanapita kwa dalali wa kwanza sokoni, kwa mwenye lori, kwa mwenye duka la jumla, kwa mzabuni, ndipo yafike jikoni. Kila mkono unakata chake, na sisi tunapata kilichobaki.

Chama cha msingi kilichozoea kupima, kuandika stakabadhi na kutunza ghala kwa ajili ya kahawa hakishindwi kupima maharage. Ghala letu linajaa miezi michache ya msimu wa kahawa. Miezi mingine linafuga panya. Vyama vitano au sita vya Rombo vikikusanya maharage pamoja, Chama Kikuu kikatafuta mkataba mmoja na taasisi moja, tungekuwa na kitu cha kuanzia. Na yale makato ya shilingi 400 niliyoyataja yangegawanywa juu ya maharage pia, yasikae yote mabegani mwa kahawa.

Sitaki kuwapaka asali. Jiko la hospitali halingoji. Mkataba ukisema magunia 20 kila Jumatatu, basi ni magunia 20, Jumatatu, ya ubora ule ule, hata kama bei ya sokoni upande wa Kenya imepanda juma hilo na mwanachama anatamani kuvuka nayo. Taasisi za umma kadhalika zinafungwa na sheria ya manunuzi. Anayetaka kuziuzia lazima aandikishwe katika mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza mwaka 2023, awe na namba ya mlipakodi, atoe risiti ya mashine. Malipo yanaweza kuchelewa. Chama kisicho na akiba ya kumlipa mwanachama kwanza kitarudi kule kule kwa mtu wa pikipiki. Mambo haya yanahitaji elimu na mtaji mdogo. Mtaji tuzungumze na benki, na wanaushirika sasa tunayo Benki ya Ushirika iliyozinduliwa mwaka 2025, ambayo mizizi yake ni benki ile ya ushirika ya hapa Kilimanjaro. Elimu tuidai chuoni.

Nimesema tuidai, nami sikuteleza ulimi.

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo hutumwa nje kwa mafunzo ya vitendo. Wengi hupelekwa ofisi za mjini, ambako hutengeneza chai na kupanga mafaili. Katibu wa chama cha msingi naye yuko peke yake na leja, kitabu cha fedha, kitabu cha stakabadhi, daftari la wanachama, na sasa mfumo wa kielektroniki wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambao hauna huruma kwa mtu asiye na umeme wala mtandao. Anapokuja mkaguzi wa COASCO, katibu hukesha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu wa ushirika angeweza kukaa na katibu huyo wiki nane, wakalinganisha stakabadhi moja moja na leja ya mwanachama, wakafunga hesabu, wakazibandika ukutani kwa lugha ambayo mama wa kihamba anaielewa. Mwanafunzi angejifunza zaidi kuliko katika chai ya mjini. Nasi tungempa chumba, na ndizi mshare hazitamshinda.

Kuna la kutahadhari. Leja ya mwanachama ni siri ya mwanachama na chama chake. Mwanafunzi aapishwe kwa maandishi, na kazi yake ikaguliwe na mwalimu wake aliyefika hapa kwa miguu yake, asiyekagua kwa simu. Bila hivyo tutakuwa tumemwachia mtoto wa watu funguo za ghala.

Juu ya mibuni sitasema mengi, kwa sababu wataalamu wapo. TaCRI imetoa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yanayomfanya mkulima amalize fedha zake katika dawa. Miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo, na chama chenye bustani mama yake kinaweza kuwauzia wanachama miche kwa bei wanayoimudu. Maarifa yapo tangu miche ya kwanza ilipotolewa mwaka 2005. Kinachokosekana upande wetu ni maji ya kitalu na mtu wa kukitunza. Swali la maji ya kitalu Rombo, pamoja na swali la mbuni upi unavumilia ukame wa upande huu, ni maswali mazuri ya kupelekwa Lyamungu na Morogoro kwa pamoja, yakitoka kwetu kwa maandishi, na sahihi zetu chini.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonikera kwa muda mrefu. Nimeketi katika ofisi ya chama chetu nikapokea watafiti wa vyuo mbalimbali, nyumbani na ng'ambo, sitavitaja. Kila mmoja alikuja na hojaji yake. Umri wako? Ekari zako? Unauza wapi? Kwa nini unauza huko? Mwaka uliofuata akaja mwingine na maswali yale yale. Wazee wetu wamejibu mpaka wamekariri. Majibu yalipokwisha kuandikwa vitabu sikuona kimoja kikirudi. Mama mmoja aliniuliza kama hao vijana wanapoteza karatasi njiani, ndiyo maana wanarudi kuuliza upya. Sikuwa na jibu la kumpa.

Lakini tazameni sababu. Vyuo vile havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe. Wa ushirika hajui kwamba wa tiba alikwisha kuja kuuliza juu ya lishe na mapato. Wa elimu hajui kwamba wa kilimo anazo hesabu za kaya. Na sisi tumevipokea kama wageni, kimoja kimoja, tukavijibu na kuviaga. Hatujawahi kuviambia: kaeni pamoja, nasi tuwape orodha moja ya mambo yanayotusumbua, mgawane kazi. Kule Cleveland taasisi zilizokuwa zikishindana zilikaa meza moja kwa sababu mji ulikuwa unawafia mlangoni. Moshi haijafikia hali hiyo, lakini mji huo ulijengwa na kahawa ya mlima, na vijana waliokosa riziki mlimani hawaendi angani. Wanateremka huko huko.

Kwa hiyo ninayo mapendekezo machache, ambayo Mkutano unaweza kuyapokea au kuyakataa.

Kwanza, Chama Kikuu kiviandikie barua vyuo vyote nilivyovitaja, pamoja na TaCRI, barua moja yenye nakala kwa wote ili kila mmoja aone mwenzake ameandikiwa nini. Kiombe kikao kimoja, nacho kifanyike hapa mlimani, kwenye ghala la chama cha msingi. Naomba kisifanyike katika ukumbi wa hoteli, kwa maana wasomi wakiketi juu ya magunia matupu wataelewa mapema kile nilichotumia dakika nyingi kukieleza kwa tarakimu.

Pili, mtafiti yeyote atakayekuja kwenye chama cha msingi aje na barua, na atie sahihi kwamba kabla ya mwaka kwisha atarudi kusoma matokeo yake mbele ya mkutano wa wanachama kwa Kiswahili. Asiyekubali, asipewe wanachama wa kuwauliza. Najua wapo watakaoona hili ni ukali. Wale wavuvi wa Antigonish walisaidiwa na chuo kilichowaachia wao kujibu swali, na nasi tunayo haki ya kuona jibu letu limefika wapi.

Tatu, na hili ni la makatibu. Kila mmoja wenu, kabla ya mkutano wa robo mwaka ujao, aitishe kikao kidogo cha wanachama, kumi au kumi na watano, na ahakikishe mama na vijana wamo, kwa kuwa tunajua maharage ni ya nani na pikipiki ni ya nani. Wasizungumzie vyuo kabisa. Wajibu maswali mawili: ni kitu gani hasa kinachokifanya chama chetu kipoteze kilo, na ni zao gani zaidi ya kahawa ambalo tunaweza kulikusanya kwa uhakika kila mwezi, gunia ngapi. Majibu yaandikwe ukurasa mmoja tu. Zaidi ya ukurasa mmoja yatakuwa hotuba, na hotuba leo mmekwisha kupata ya kutosha.

Karatasi hizo ziletwe kwa Chama Kikuu wiki mbili kabla ya mkutano, ili ziambatanishwe na barua. Vyama visivyo na mashine ya kuchapa viandike kwa mkono; mwandiko wa katibu unasomeka kuliko wa daktari. Na vyama vilivyo mpakani vitaje bila kuficha kiasi cha kahawa kinachovuka, kwa makisio ya wanachama wenyewe. Hakuna atakayekamatwa kwa makisio, na bila tarakimu hiyo hesabu yote niliyoanza nayo itakuwa na tundu katikati.

Nipo tayari kwa maswali, nikianza na mzee wangu pale nyuma aliyenyosha mkono tangu nilipotaja NeST.